Kozi ya Sauti Tupu

Kozi nzima haikuwa na picha hata moja, na Mkufunzi alijivunia jambo hilo kama mama anavyojivunia mtoto aliyetembea mapema.

Alikuwa na sababu zake. Kozi yenyewe ilikuwa ya mtandaoni, ya kuwaandaa watu wanaotaka kuwa walimu wa elimu maalumu, wale watakaowafundisha watoto wasioona, wasiosikia, wanaochelewa kuelewa, na wengine ambao shule nyingi huwakalisha nyuma na kuwasahau hukohuko. Chuo kilimpa kazi ya kuitengeneza, naye akaapa kwamba yeyote atakayeifungua hatakuta cha kumzuia. Ila kila aliposema "yeyote", moyoni alimwona mtu mmoja tu. Wifi yake.

Wifi huyo, mdogo wake mumewe, alikuwa haoni tangu utotoni. Watoto wa mtaani walimpachika jina la Rada kwa kuwa hakuna kilichompita. Ukifungua pipi chumba cha pili, yeye ameshanyoosha mkono. Alitaka kuwa mwalimu. Mara ya kwanza alipokwenda chuoni kuomba nafasi, karani alimwambia arudi na mtu wa kumjazia fomu. Akarudi na mtu. Safari hii akaambiwa vitabu vyote vya kozi ni vya kuchapwa, na chuo hakina mtu wa kukaa kumsomea. "Ukipata macho ya kuazima, karibu sana," karani alisema, na watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka kidogo, kile kicheko cha kumfurahisha mwenye muhuri.

Ndiyo maana Mkufunzi alitengeneza kozi ya kusikiliza mwanzo hadi mwisho. Wala haikumpa tabu, kwa sababu nyumbani kwao kila kitu kilisemwa. Ukiingia unasema umeingia. Ukiweka kikombe unasema umekiweka kushoto au kulia. Hata Chiriku, binti yao aliyekuwa bado hajaanza shule, alikuwa akisimama katikati ya sebule na kutangaza, "Shangazi, nimenuna!" maana kumnunia Rada bila kutangaza ilikuwa kazi bure.

Masomo aliyarekodi chumbani, mablanketi yametundikwa ukutani kuzuia mwangwi. Mumewe alikuwa fundi wa friji, na uani kwake hapakukosa mbili tatu zinazonguruma kwa majaribio.

"Baba Chiriku, naomba kimya!" Mkufunzi alikuwa akiita dirishani.

"Hakuna nchi duniani friji zinazimwa ili mwalimu aongee," Fundi alinung'unika, lakini alizima. Kisha Rada alikaa kitandani kusikiliza, na popote alipokunja uso, palirekodiwa upya.

Zilipobaki siku chache jopo la chuo likae kuipitisha kozi, waombaji wachache walifunguliwa masomo wayajaribu. Ujumbe wa kwanza uliingia asubuhi, Mkufunzi akiwa amepiga goti anamfunga Chiriku kamba za viatu.

"Mwalimu, salamu. Mimi ni seremala. Ni kiziwi, na naomba kuwa mwalimu wa watoto viziwi. Nimefungua somo la kwanza. Nimeona ukurasa mweupe na alama ndogo inayotembea kutoka kushoto kwenda kulia. Ilipofika mwisho nikarudia, nikidhani nimekosea. Ikatembea tena. Nimefungua la pili, nalo ni hivyohivyo. Naomba kuuliza: somo liko wapi?"

"Mama, unanibana mguu," Chiriku alisema.

"Kuna nini, wifi?" Rada aliuliza kutoka mezani. "Umenyamaza vibaya."

* * *

Mkuu wa idara aliusoma ule ujumbe mara mbili. Mara ya kwanza alicheka, mara ya pili akajifuta mdomo kama aliyekula kitu asichotakiwa kula. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyewabembeleza wakubwa wake hadi wakakubali kuwe na kozi ya mtandaoni, na ofisi yake yenyewe ilikuwa stoo ya zamani ya madawati, kiti cha wageni kikiwa kimepoteza egemeo.

"Mjibu kwamba hii ni ya majaribio," alisema. "Mwakani tutamfikiria."

"Mwakani atakuwa bado hasikii, mkuu."

"Usinitazame hivyo, mwalimu. Sikumziba masikio mimi."

"Masomo nimeyafunga mimi. Ndiyo maana nimekuja kuomba muda."

"Muda ndio sina." Mkuu alivuta kiti chake mbele, akashusha sauti kama mtu anayeuza siri. "Nisikilize. Jopo linataka kitu kilichokamilika. Uwaletee masomo yote, yanasikika vizuri, halafu wifi yako akae pale awaonyeshe anavyojisomea mwenyewe bila kushikwa mkono. Watapitisha siku hiyohiyo, na yeye anaandikishwa muhula huu. Nimeshamtaja kwao. Lakini ukiwaletea kazi umeifumua katikati, watauliza maswali mpaka walale njaa, kisha watasema turudi mwakani. Sote. Na wifi yako ndani yake."

"Kwenye tangazo tumeandika ni kozi jumuishi."

"Duka nalo linaandika vitu vyote vinapatikana. Ukaombe ngamia uone."

Mkufunzi alitaka kucheka, akashindwa. Aliwaza uso wa Rada akiambiwa ameandikishwa. Aliwaza ile alama ndogo ikitembea kushoto kwenda kulia mbele ya mtu aliyekaa kuisubiri iseme.

"Mmoja akishaingia, ndipo anawavuta wengine," Mkuu alisema, safari hii kwa upole. "Dunia ndivyo inavyokwenda, mama."

Alipotoka, karani yuleyule wa foleni alimwita kutoka dirishani kwake. "Wewe mama wa kozi ya redio! Ukipata nafasi tuwekee na taarabu."

Mkufunzi alimjibu kwamba ataweka na salamu za wagonjwa, akaondoka haraka kabla sauti haijamtoka vibaya.

* * *

Jioni, Chiriku alipotangaza kwamba ameshiba na anakwenda kuchora, Mkufunzi aliwaeleza wenzake wawili kila kitu, pamoja na alichoahidiwa Rada.

Fundi alisikiliza akisugua grisi kwenye kucha. "Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao," alisema mwishowe. "Nafasi ya mdogo wangu ipo mkononi. Huyo seremala simjui hata sura, lakini namwombea heri."

"Kumwombea heri si kumfungulia somo."

"Na wewe si serikali, mke wangu! Mtu mmoja utabeba vipofu, viziwi, na nani tena? Umelala lini wewe ukatosheka?"

"Kaka, usimseme," Rada alidakia, na Mkufunzi akashusha pumzi akidhani amepata wa kumtetea. Lakini Rada aligeuza uso upande ambako sauti ya wifi yake ilikuwa imetoka. "Wifi, nikuulize. Mimi pale chuoni nimesimama nje mara ngapi?"

"Najua."

"Hujui. Ulikuwa ndani, unafundisha. Mimi ndiye niliyechekwa. Leo mlango umefunguka, wewe unasema ngoja kwanza, kuna mtu mwingine nyuma. Mbona mimi nilipokuwa nyuma hakuna aliyesema ngoja?"

Rada aliendelea, sauti imeanza kupanda. "Na mkiweka hizo video za mikono, mimi zitanifaa nini? Mtanijazia kozi mambo nisiyoyaona, nirudi kulekule."

"Rada, mdogo wangu," Mkufunzi alisema. Hakuwa akimwita hivyo ila siku ngumu. "Niliikosea mimi hii kozi. Nilikaa humu ndani nikasikia sauti yako tu, nikadhani nimesikia ya kila mtu. Siahidi kwamba nafasi yako haitaguswa, na siwezi kukudanganya sasa hivi. Ninachoomba ni siku hizi chache zilizobaki. Aje hapa huyo bwana. Tuone kinachowezekana. Jopo likikaa, tutajua tuna nini mkononi."

"Na ikishindikana?"

"Ikishindikana, wewe ndiye utakayesema nionyeshe nini."

Rada alisimama, akapapasa meza hadi kwenye kona yake, akaelekea chumbani. Mlangoni akasimama. Nyumba ile ilikuwa na desturi zake, hata kwenye hasira.

"Naondoka nimekasirika," alisema. "Mjue."

* * *

Kosa la kesho yake lilikuwa la Mkufunzi pia, na lilikuwa kosa ambalo katika nyumba nyingine lisingetokea. Alimwandikia yule seremala jinsi ya kufika, akamalizia kwa mazoea: "Piga hodi, wifi yangu atakufungulia." Mwenyewe akachelewa kazini.

Seremala alifika, akapiga hodi kwa mkono, kwa kuwa alijua watu husikia hodi. Uani friji zilikuwa zinanguruma, Fundi ameinama nyuma ya moja akiwa kichwa chini. Rada, aliyekuwa jikoni maji yakimchemkia, hakusikia. Seremala aliona mlango uko wazi nusu, akaingia taratibu na kusimama sebuleni, kofia mkononi, kwa adabu zote.

Rada alipotoka jikoni alisimama ghafla. Kulikuwa na harufu ya gundi na vumbi la mbao, na ubao wa sakafuni karibu na kabati ulikuwa umelia chini ya uzito wa mtu.

"Nani?"

Kimya.

"Nani huyo? Sema!"

Seremala, aliyeona midomo ikitikisika, aliinua mkono kusalimia. Akasogea hatua moja ili aonekane vizuri. Fimbo nyeupe ilimpata kwenye muundi, ikarudi ikampata kwenye goti, na Rada akapiga ukelele uliomfanya Fundi uani agonge kichwa chini ya friji.

Mkufunzi alipoingia, aliwakuta wamekaa kila mmoja pembe yake. Rada ameikumbatia fimbo yake, Fundi amejishika kisogo, na mgeni amekunja suruali anatazama muundi wake unaovimba. Chiriku alikuwa amesimama katikati. "Mama, shangazi amempiga mgeni," alitangaza. "Mgeni halii."

"Toba yangu!" Mkufunzi alijishika kichwa. Lugha ya alama aliijua kidogo, ile ya semina, na kwa hiyo aliomba radhi. Kwa jinsi Seremala alivyoinua nyusi, huenda alikuwa amemwomba kabichi.

Seremala alitoa simu yake, akaandika, akamwonyesha. Mkufunzi alisoma, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akampa namba ya Rada, na muda si muda simu ya Rada ikalia. Simu hiyo ilikuwa ikisoma kwa sauti kila kilichoandikwa, kwa sauti ya mwanamke asiyejua furaha wala huzuni:

"Nimechapwa na walimu wengi. Wewe ndiye wa kwanza kunichapa kabla hujasomea ualimu."

Rada alifunika mdomo. Mabega yakaanza kumtikisika, kicheko kikamponyoka. Akaongea na simu yake, nayo ikaandika: "Samahani, kaka. Katika nyumba hii hakuna anayeingia bila kusema."

"Katika nyumba yangu hakuna anayeingia bila kuonekana," lilikuja jibu. "Tumekutana vibaya."

Ikawa hivyo. Mmoja anasema, simu inaandika. Mwingine anaandika, simu inasema. Fundi alisimama akiwatazama kwa muda, akatikisa kichwa, akaenda kutafuta barafu ya kuweka kwenye muundi wa mgeni. Kitu hicho angalau katika nyumba ya fundi wa friji hakikukosekana.

* * *

Kilichohitajika kilizidi kuwa wazi kadiri walivyozungumza. Mkufunzi alikuwa akifundisha kutoka kichwani, bila kuandika neno. Kila somo lingepaswa kuwa na maandishi yake kamili: asiyesikia atayasoma, asiyeona simu itamsomea. Na kwa kuwa viziwi wengi hukua na alama kabla ya maandishi, mambo makuu ya kila somo yangeelezwa pia kwa mikono, Seremala mbele ya kamera.

"Nani ataandika maneno yote hayo?" Fundi aliuliza. "Mke wangu akianza kuongea hana breki."

Macho yakamgeukia Rada. Rada alikuwa amefundishwa kupiga chapa alipokuwa shule, na vidole vyake vilikwenda haraka kuliko vya mtu yeyote pale. Masomo yale aliyajua kwa moyo. Kila mtu alilijua hilo, na hakuna aliyethubutu kulisema.

"Mnanitazama," Rada alisema. "Nasikia."

Alianza kesho yake asubuhi, bila kusema kwamba amekubali. Kipokea sauti sikio moja, vidole kwenye kompyuta ya zamani ya Mkufunzi, mashavu amekaza. Aliandika, akamtumia Seremala, naye kutoka karakana kwake akajibu palipomshinda. Hakuwa mtu wa kubembeleza. "Hapa mwalimu anasema 'sikilizeni mtoto huyu anavyosoma'. Mimi namsikilizaje? Andikeni anasomaje." Na kwingine: "Mbona katika somo la nne mtoto kiziwi anasaidiwa tu? Hana rafiki? Hana utundu?"

"Ana haki," Rada alimwambia wifi yake. "Na yule asiyeona kwenye somo la tatu anashikwa mkono toka mwanzo mpaka mwisho. Nimeandika, nikasikia aibu. Mimi nilikuwa naruka ukuta wa shule, wifi."

"Ulikuwa unaruka ukuta?"

"Mara nyingi. Wenye macho ndio waliokuwa wakikamatwa."

Mkufunzi alilirekodi upya somo la tatu, na mtoto wa humo akaruka ukuta.

Siku moja wakipumzika, Rada alimuuliza Seremala shule yake ilikuwaje. Jibu lilichelewa, kisha simu ikasoma: "Mwalimu wetu alikuwa akiongea huku anaandika ubaoni. Nimesoma mgongo wake miaka yote ya shule. Naujua mgongo ule. Shati lake la kijivu lilikuwa na kiraka kwapani." Rada hakucheka. Alimweleza kuhusu msomaji wake wa shule, binti mmoja mwema, ambaye akichoka alikuwa akiruka kurasa akidhani Rada hatagundua. Na Rada alikuwa akigundua, ila hakusema, kwa kuogopa kumpoteza.

Lakini uamuzi wake wa nini kionyeshwe kwa jopo hakuutoa, na Mkufunzi hakumuuliza.

Jumamosi walirekodi mikono. Blanketi moja la rangi ya bahari lilitundikwa nyuma ya Seremala, naye akavaa shati jeusi ili mikono ionekane.

"Kwa hiyo friji nisizime?" Fundi aliuliza dirishani.

"Usizime."

"Kweli?"

"Huyu hata ukigonga mabati."

"Mungu ambariki huyu mgeni!" Fundi aliwasha zote, hata ile mbovu, na nyumba nzima ikanguruma kwa furaha.

Rada alikaa kitandani pale alipozoea kukaa kusikiliza. Alisubiri. Alisikia kitambaa kikisuguana, viganja vikigusana mara moja, pumzi, ubao wa kitanda, friji. Alisikia Chiriku akicheka kwa mshangao, na Mkufunzi akisema "vizuri sana" kwa sauti ya chini. Kitu kizuri kilikuwa kinatokea mbele ya uso wake. Aligeuza kichwa huku na huku kama anayetafuta upenyo. Kisha ikaisha, na mtu akapiga makofi.

"Amesema nini?" Rada aliuliza.

"Somo lote la kwanza," Mkufunzi alijibu. "Ah, wifi, samahani. Sauti yangu nitaiweka chini yake baadaye, utasikia yote."

"Najua utaiweka." Rada alikuwa ameshika ukingo wa godoro. "Nilikuwa sijaielewa ile alama yake inayotembea," alisema. "Ile ya ukurasa mweupe. Nilidhani anatia chumvi."

* * *

Siku ya jopo ilifika masomo sita yakiwa yamekamilika, yanayosomeka, yanayosikika, yenye mikono. Sita yaliyobaki yalikuwa bado sauti tupu. Walikuwa wamefanya kazi hadi Seremala akaacha kitanda cha mteja bila miguu, lakini hawakufika mwisho.

"Nilikwambia wewe ndiye utakayesema," Mkufunzi alimwambia Rada wakiwa wanavaa. "Nikionyesha sauti tu, masomo yote kumi na mawili yapo. Watapitisha. Nikionyesha hali ilivyo, sijui."

"Zipu yangu imefunga?"

"Imefunga."

"Twende basi. Tutachelewa."

Chuoni, Mkuu wa idara alimsalimia Rada kwa mikono miwili. Alipomwona Seremala nyuma yao, uso ulimwingia kivuli. "Huyu bwana atangoja hapa kibarazani," alimnong'oneza Mkufunzi. "Wakimhitaji wataita."

Mkufunzi alimwandikia Seremala maneno hayo kama yalivyo. Hakuyapamba. Seremala aliyasoma, akakaa kwenye benchi, kofia gotini.

Mwenyekiti wa jopo alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti nzito, aliyewahi kufundisha darasa la kwanza na bado alikuwa na ile tabia ya kusubiri jibu. Rada alifungua somo, akaliendesha, akarudi nyuma, akajibu maswali yake, vidole vikicheza kwenye simu. Wajumbe waliegemea mbele. Mkuu wa idara alikuwa anatabasamu kama bwana harusi.

"Binti, masomo yote umeyapitia mwenyewe?" mwenyekiti aliuliza.

"Yote, mama. Kumi na mawili."

"Bila kusomewa?"

"Bila."

"Basi kwa upande wako, kozi imekamilika."

Halikuwa hata swali. Kilichobakia kilikuwa neno moja dogo. Mkufunzi alitazama mikono ya Rada juu ya meza, akajikuta, Mungu amsamehe, anamwombea alitamke.

"Kwangu imekamilika," Rada alisema. "Kuanzia somo la saba, mwenzangu haijamfikia."

"Mwenzako yupi?"

"Yuko kibarazani. Ameambiwa asubiri kuitwa." Rada alielekeza kidole mlangoni. "Ni kiziwi, mama. Sijui mlipanga kumwita vipi."

Mjumbe mmoja alikohoa. Mkuu wa idara alitazama dari. Mwenyekiti mwenyewe alisimama, akaenda mlangoni, akampungia Seremala mkono.

Mjumbe aliyekaa mwisho wa meza, mzee mkarimu, alimpokea kwa kupaza sauti na kupanua mdomo kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. "KARIBU BWANA! KARIBU KITI!"

"Mzee wangu," Rada alisema huku amekunja uso, "hapo unanipasua mimi masikio, na yeye hujamfikia."

Walicheka, hata mzee mwenyewe, na kikao kikawa cha watu. Mkufunzi alisimama akaeleza yote: kosa alilolifanya, lilivyogunduliwa, yaliyokamilika na yaliyobaki. Mwenyekiti alimuuliza yatakamilika lini. Kabla hajajibu, Rada akadakia, "Kabla muhula haujaanza!" Seremala aliyasoma maneno hayo kwenye simu yake, akatikisa kichwa kwa nguvu, akaandika. Simu ya Rada ikasema mbele ya jopo lote: "Asiahidi kama fundi. Mimi ni fundi, najua tunavyosema njoo kesho. Semeni katikati ya muhula."

Waliombwa watoke, wakaitwa tena. Uamuzi haukuwa mtamu wote. Masomo sita yalipitishwa, na waombaji wote wawili wangeandikishwa kuanza nayo. Lakini kwa kuwa kozi haikuwa kamili, hakuna ambaye angeruhusiwa kwenda mazoezi ya kufundisha muhula huu, na bila mazoezi hakuna cheti. Rada, ambaye angeweza kusimama mbele ya darasa mwaka huohuo, angengoja mwaka mwingine.

Kibarazani, Mkuu wa idara aliwafuata. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Binti," alisema, "neno moja tu. Ungesema ndiyo, leo ungetoka hapa umeshamaliza safari."

"Najua, mkuu," Rada alisema. "Usinikumbushe."

Alijitahidi hatua chache. Kisha akasimama kando ya ukuta na kuanza kulia kimyakimya, kidevu juu, kama watu wanaolia huku wakijizuia. Wanafunzi waliokuwa wakipita walipunguza mwendo. Mkufunzi alinyoosha mkono, lakini Seremala alikuwa ameshaona, na alikuwa anaandika.

Simu ya Rada ikatamka, kwa sauti yake kavu iliyosikika kibaraza kizima:

"Usilie hapa, wanakutazama. Twende nje ukalie vizuri."

Rada alicheka na kulia kwa pamoja, akajipangusa kwa kiganja. "Yuko wapi huyo?" aliuliza. Seremala alimgusa kidogo kwa kiwiko, naye akakishika, wakashuka ngazi, yeye na fimbo yake, mwenzake akichechemea bado kwa muundi ule.

Mkufunzi hakuwafuata mara moja. Alikaa kwenye benchi, akaweka kompyuta mapajani, akafungua somo la saba. Kutoka uwanjani sauti ya wifi yake ilimfikia, sasa analia kweli, kwa kituo, bila kumwonea mtu aibu. Aliacha imwingie. Halafu akaanza kuandika sentensi ya kwanza, akaisoma kwa midomo bila sauti, akaifuta, akaiandika upya.

Karani alitoa kichwa dirishani. "Mama, tunafunga ofisi."

"Fungeni," Mkufunzi alisema, vidole vikiendelea. "Nitahamia ngazini."